Si saratani, lakini unaziba pumzi: uvimbe huu usingojewe

Ndugu Mhariri,

Nashukuru kwa ukurasa wa afya mliotoa karibuni kuhusu uvimbe na saratani. Uliandikwa vizuri, na naamini wasomaji wengi wameacha kuogopa kila kijinundu kinachojitokeza chini ya ngozi. Lakini pana sentensi moja ambayo nimeshindwa kuinyamazia. Mmesema kwamba uvimbe usio wa saratani hauna haraka, mtu anaweza kuishi nao. Kwa uvimbe wa mgongoni au wa kwapani, sawa. Kwa uvimbe ulioota ndani ya njia ya hewa si kweli hata kidogo, na mtu akiushika ushauri huo anaweza kufa huku mfukoni ana karatasi ya maabara inayosema hana saratani.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimestaafu sasa, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye meza ambako madaktari wa koo na mapafu hupitisha bomba lenye kamera mdomoni mwa mgonjwa na kuondoa kinachoziba, bila kupasua shingo wala kifua. Sitaandika kama daktari. Naandika niliyoyaona nikiwa pembeni ya meza hiyo nikipokeza vifaa, na niliyoyasikia kwa wagonjwa kabla hawajalala na baada ya kuamka.

Nianze na nafasi yenyewe. Koo la hewa la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 10 hadi 13, na upana wake wa ndani unakaribia sentimita 2 tu. Limezungukwa na pingili za gegedu zenye umbo la herufi C, na chini kidogo linagawanyika kuwa matawi mawili, moja kwa kila pafu. Hakuna njia ya mchepuko. Hewa yote unayoishi nayo lazima ipite hapo, ikiingia na ikitoka.

Kinachowapotosha watu ni kwamba mwili ni mvumilivu mno. Uwazi ukipungua hadi kama milimita 8, mtu anaanza kuhema anapopanda ngazi au kubeba mzigo. Anasema umri umefika, au amenenepa. Ukifika kama milimita 5, anahema hata akiwa ameketi. Kati ya kusema umri umefika na kukimbizwa hospitali usiku pana milimita 3 tu. Tena hesabu ya hewa haina huruma: upana wa bomba ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauwi mara mbili, unaweza kufika mara 16. Ongeza hapo mafua ya kawaida, utando wa ndani uvimbe kidogo, kohozi zito linase penye wembamba, na yule aliyekuwa akitembea Jumatatu analetwa Alhamisi akiwa ameketi wima, mikono imekamata magoti, midomo imegeuka rangi. Nimewapokea watu wa namna hiyo. Uvimbe wao haukuwa umekua ghafla. Ulikuwepo miaka yote.

Aina zake ni nyingi. Kuna papiloma, vinyama vinavyoletwa na virusi vya HPV, yaani virusi vya papiloma vya binadamu. Kuna hamatoma, ambayo ni gegedu na mafuta na tishu nyingine zilizokua pamoja bila mpangilio. Kuna lipoma, mafuta matupu. Kuna zinazoanzia kwenye misuli, kwenye neva, kwenye mishipa ya damu. Zote kwa jumla ni nadra, na ndiyo maana hazimjii mtu akilini haraka. Kifua kikipiga mluzi, anayesikiliza anafikiri pumu, na mara nyingi sana anakuwa sahihi. Wasiwasi wangu ni kwa wale wachache ambao hakuwa sahihi kwao, na miaka ikapita bila mtu kurudi nyuma na kuuliza upya.

Nitaeleza habari za mama mmoja, nikiacha kila kinachoweza kumtambulisha. Alikuwa mwalimu, na alitibiwa pumu kwa miaka mingi. Mkobani alikuwa na pampu mbili, ya kufungua kifua na ya kutumia kila siku. Zilipoonekana hazitoshi akaongezewa vidonge vya steroidi. Uso ukajaa, sukari ikapanda. Kila alipovimeza alipata nafuu ya siku chache, na nafuu hiyo ikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba ni pumu kweli. Lakini steroidi hupunguza kuvimba kwa utando wowote, hivyo hata mwenye kinyama kwenye koo la hewa anaweza kupata ahueni akizimeza. Eksirei ya kifua ilipigwa zaidi ya mara moja na kila mara ikasomwa kuwa safi. Eksirei ya kawaida huonyesha mapafu vizuri, ila kitu kilichoota ndani ya koo la hewa, kwenye kivuli cha uti wa mgongo, hupitwa kwa urahisi.

Siku aliyoletwa kwetu nilikuwa namfunga kipimo cha presha mkononi, naye akawa anazungumza kwa vipande, maneno matatu, pumzi, maneno matatu, pumzi. Aliniambia mambo mawili ambayo alisema hajawahi kuulizwa na mtu. Kwanza, pumu ya wenzake huja na kuondoka, lakini yake haikuwahi kuondoka kabisa hata siku moja. Kila mwaka ilikuwa mbaya kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Pili, alikuwa amejizoeza kulalia ubavu mmoja tu, kwa sababu akijigeuza upande wa pili hewa ilikatika akaamka akihangaika. Na mimi, nikiwa nimemwinamia hivyo, niliisikia sauti bila kifaa chochote: mlio mkavu, mwembamba, anapovuta hewa ndani, ukitoka shingoni.

Hapo pana jambo ambalo ningependa kila msomaji mwenye mgonjwa nyumbani alijue. Mluzi wa pumu kwa kawaida husikika zaidi hewa inapotoka, na hutoka kifuani. Mtu anayekwaruza pumzi wakati wa kuvuta ndani, na sauti ikawa shingoni, ana sababu ya kuangaliwa koo lenyewe kabla hajaongezewa pampu ya tatu. Mashine ya kupuliza, ile ya spirometri, husaidia sana, na si kipimo cha maumivu. Hupima hewa inavyokwenda na huchora mchoro wa kutoa na wa kuvuta. Mchoro wa mama yule, upande wa kuvuta ndani, ulikuwa tambarare kana kwamba umepigwa rula. Daktari aliutazama mara moja tu akaagiza kipimo cha CT cha shingo na kifua, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Kilikuwepo kitu cha duara kwenye sehemu ya juu ya koo la hewa, kimeshikilia ukuta kwa kishina chembamba. Akivuta hewa, kinayumba kama ulimi wa kengele na kuziba.

Wapo wengine ambao uvimbe uko chini zaidi, kwenye tawi la pafu moja, na hawa hawana mlio wa shingoni. Wao husumbuliwa na nimonia inayorudi mahali palepale, kikohozi kisichoisha, pengine michirizi ya damu kwenye kohozi, na mluzi wa upande mmoja tu wa kifua. Nimekutana na waliomaliza dozi nzima ya dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yao hayakuwahi kuonyesha vimelea. Siwalaumu waliowapa, kwa sababu kifua kikuu nacho huua na mara nyingine lazima uanze matibabu. Lakini nimonia ikimrudia mtu yuleyule kwenye pafu lilelile, lazima aulizwe daktari: ni nini kinachozuia pafu hili lisijisafishe?

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wakisikia uvimbe wa njia ya hewa wanaona kifua kimepasuliwa na mbavu zimetanuliwa, wanakimbia. Nimewaona waliokimbia na kurudi wakati umeshawapita.

Kwa uvimbe mkubwa wa koo la hewa, madaktari wengi waliobobea hupendelea bomba gumu la chuma. Bomba laini linalopinda linafaa sana kwa kuangalia na kwa kazi ndogo, lakini lenyewe huchukua nafasi katika njia ambayo tayari haina nafasi. Bomba gumu liko wazi katikati. Hewa inapita ndani yake, vifaa vinapita ndani yake, damu inafyonzwa kupitia humo, na mahali pakivuja, ubavu wa bomba lenyewe unaweza kupabana mpaka damu isimame. Mgonjwa analala usingizi kamili, wala hajui lolote.

Dakika ngumu kuliko zote si ya kukata. Ni ya kulaza. Mtu anayepumua kwa nguvu zake zote akipewa dawa ya usingizi, misuli inalegea, na uvimbe uliokuwa ukiyumba unaweza kukaa pale pale na kuziba kabisa. Kwa hiyo kwetu mgonjwa wa namna hii hakulazwa chali mapema. Aliketi juu ya meza, akipewa oksijeni kwa barakoa, mpaka kila kitu kiwe tayari. Daktari amekwisha kuvaa glavu, bomba liko mkononi mwake, taa imewaka, mashine ya kufyonza inanguruma, kinga ya meno iko tayari kiganjani mwangu. Ndipo mtaalamu wa usingizi anasema sasa. Baada ya hapo hakuna anayezungumza isipokuwa wao wawili. Shingo inanyooshwa, mdomo unafunguliwa, bomba linapita juu ya ulimi, linafika kwenye nyuzi za sauti, na hapo daktari analizungusha robo mduara ili ncha yake iliyokatwa mshazari ipenye kati ya nyuzi bila kuzichubua. Mtu asiyewahi kuona angedhani ni jambo dogo. Hapo ndipo sauti ya mtu inapookolewa au kuharibiwa.

Daktari wa bomba na mtaalamu wa usingizi wanatumia njia moja, kila mmoja kwa kazi yake. Huyu anataka nafasi ya kukata, yule anataka nafasi ya kupitisha hewa. Nimefanya kazi na jozi zilizoelewana kiasi kwamba mmoja alisimamisha mkono kabla mwenzake hajafungua mdomo, kwa kusikia tu mlio wa kipimo cha oksijeni ukishuka sauti. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua kama hospitali inaweza kazi hii asiulize kwanza wana leza ya aina gani. Aulize kama watu hawa wawili wamezoeana.

Njia za kuondoa ni kadhaa na huchaguliwa kulingana na uvimbe. Wenye kishina hunaswa kwa kitanzi cha waya, kitanzi kinakazwa, umeme unapitishwa, kishina kinakatika huku mishipa ikijifunga. Leza huchoma na kukausha. Ipo gesi ya agoni inayopitisha umeme juu juu bila kifaa kugusa nyama, inayofaa kwa damu inayochuruzika. Ipo ncha ya baridi kali: inagandisha uvimbe, uvimbe unashikana na ncha, daktari anautoa wote kwa pamoja. Na kipo kisu kidogo kinachozunguka ndani ya mrija huku kikifyonza. Penye leza au umeme, mtaalamu wa usingizi lazima ashushe oksijeni kwanza, isizidi asilimia 40, maana moto pamoja na oksijeni nyingi ndani ya koo la mtu ni maafa. Macho ya mgonjwa hufunikwa kwa pamba iliyolowa, nasi sote huvaa miwani. Hizi si mbwembwe. Nilikuwa naitamka namba ya oksijeni kwa sauti kabla daktari hajakanyaga kibonyezo, na hakuna daktari mzuri aliyewahi kuniona msumbufu.

Kwa mama yule ilikuwa kitanzi. Kwenye skrini tulikiona kinyama cha mviringo, laini, chenye rangi ya njano kidogo na vimishipa vyembamba juu yake, kimejaza njia karibu yote. Waya ukapita juu, ukashuka mpaka kwenye kishina, ukakazwa. Moshi kidogo, ukafyonzwa. Koleo likakishika kisije kikadondoka chini kwenye pafu, na bomba na koleo na kinyama vikatoka pamoja, kisha bomba likarudi mara moja. Na pale mahali palipokuwa pamezibwa tukaona pingili za gegedu zikishuka moja baada ya nyingine hadi kwenye njia panda ya matawi mawili. Daktari akachoma kidogo mahali kishina kilipoota ili kisiote tena. Mimi nikakiweka kinyama kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia, nikaandika jina, tarehe na mahali kilipotolewa. Kilikuwa na ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Uvimbe ukiwa umeziba tawi la pafu kwa muda mrefu, hali huwa nyingine. Ukiondoka tu, usaha uliofungiwa nyuma yake unamiminika, mzito, na harufu inajaza chumba. Inabidi kufyonza, kuosha, kufyonza tena, na usaha nao unapelekwa maabara. Pafu lililosinyaa kwa miezi mara nyingi hufunguka tena, wakati mwingine siku hizo hizo, kwa kuwa kuna mengine yanayovumilia zaidi ya tunavyodhani. Lililokaa limezibwa miaka mingi linaweza kuwa limeharibika lisirudi, na hapo ndipo upasuaji wa kuondoa sehemu ya pafu unapokuja, upasuaji ambao mgonjwa angeukwepa kama angewahi. Hiyo ni hasara ya kungoja ambayo hakuna anayewaeleza watu wanaporudishwa nyumbani kwa kuwa si saratani.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1897, Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alipitisha bomba la chuma mdomoni mwa mkulima mmoja akamtoa mfupa uliokuwa umekwama kwenye tawi la pafu. Miaka ya 1960 Shigeto Ikeda wa Japani alileta bomba laini lenye nyuzi za kioo. Miaka ya 1980 Jean-François Dumon, kule Marseille, Ufaransa, alionyesha ulimwengu jinsi leza inavyoweza kufungua njia ya hewa kupitia bomba gumu. Kwa hiyo anayeambiwa leo kwamba hili ni jaribio jipya la hatari anapewa habari zilizochelewa sana.

Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji. Bomba haliwezi kila kitu. Uvimbe mwingine huonekana mdogo kwa ndani kumbe sehemu kubwa iko nje ya ukuta wa njia ya hewa, ukikata cha ndani umebakiza mzizi wote. Ndiyo maana CT hutangulia, na ndiyo maana wapo ambao kwao upasuaji wa wazi, wa kukata kipande cha koo la hewa na kuunga, ndio unaofaa. Mwingine una mishipa mingi ya damu, na kuukwanyua kipande kwa haraka mahali pasipo na maandalizi kunaweza kumwaga damu ndani ya njia ya hewa. Na wapo wale wanaofanana sana na uvimbe usio na madhara, laini, wa mviringo, kumbe ni kasinoidi, ambayo ni aina ya saratani inayokua polepole. Kwa macho huwezi kuapa. Kila kinachotolewa lazima kiende kwa mpatholojia, daktari wa maabara anayekichunguza kwa hadubini, hata kama daktari ana uhakika, hata kama mgonjwa anapumua vizuri na anataka kwenda zake. Nilikuwa mkali sana kwa jambo la chupa ile na karatasi yake, na bado ningekuwa mkali.

Naomba niseme kidogo juu ya watoto. Papiloma za koo ndizo uvimbe usio wa saratani unaowapata watoto zaidi kwenye kisanduku cha sauti, na dalili ya kwanza mara nyingi ni sauti ya kukwaruza. Mtoto analia kwa sauti ya mkwaruzo wiki baada ya wiki, anaambiwa mafua, anaambiwa atakua ataacha. Sauti ya mtoto ikikwaruza bila kupona lazima koo litazamwe. Papiloma huletwa na virusi vya HPV, hasa namba 6 na 11, na mtoto huweza kuvipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Huondolewa kwa njia hii hii ya bomba na kamera, lakini zina tabia ya kuota tena, hivyo mzazi aambiwe mapema kwamba huenda akarudi mara nyingi na kwamba si kosa la daktari wala lake. Kutoboa shingo ili mtoto apumue hufanywa pale tu pasipo na njia nyingine, maana papiloma huweza kushuka na kuota kuelekea chini. Chanjo ya HPV inayojumuisha namba 6 na 11 inasaidia: Australia walianza kuwachanja wasichana mwaka 2007, na papiloma hizi kwa watoto zimepungua sana. Si kila chanjo ya HPV ina namba hizo mbili, kwa hiyo mzazi aulize.

Na si kila uvimbe unahitaji kukatwa. Vichanga huweza kuota uvimbe wa mishipa ya damu chini tu ya nyuzi za sauti. Zamani ulikuwa unachomwa, au mtoto anatobolewa shingo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya siku nyingi ya moyo, huusinyaza. Leo wengi wa watoto hao hutibiwa kwa dawa, chini ya uangalizi hospitalini. Lakini hata huo lazima kwanza mtu atazame ndani ajue ni kitu gani.

Kuna wanaoniuliza: kama mtu bado anapumua, kwa nini asisubiri? Jibu langu ni kwamba kazi ile ile ikifanywa kwa siku iliyopangwa na ikifanywa usiku wa dharura, ni kazi mbili tofauti. Kwa siku iliyopangwa mgonjwa ameshapigwa CT, tumbo halina chakula, damu imepimwa, timu iliyozoea ipo, na wengi huondoka hospitali ndani ya siku chache tu wakiwa na koo linalowasha na kohozi lenye michirizi ya damu. Usiku wa dharura unampata aliye zamu, mgonjwa amechoka kupumua, oksijeni ya mwilini iko chini kabla hata hujaanza, na pengine daktari wa bomba gumu yuko mbali. Nimeona wote wawili wakiletwa na uvimbe wa aina moja.

Kwa madaktari na wauguzi wenzangu wa kliniki za kawaida, ombi langu ni moja. Mnapompa mgonjwa habari njema kwamba si saratani, mpeni palepale na tarehe ya kuuondoa, au barua ya kwenda kwa anayeweza. Mgonjwa aliyesikia si saratani hasikii kingine chochote siku hiyo. Anainuka, anashukuru, anaondoka.

Na kwa mama, baba au mgonjwa anayesoma hapa: ukishaondolewa uvimbe, usiondoke bila mambo matatu. Jina la uvimbe kama maabara ilivyoliandika, kwa maandishi. Picha au maelezo ya mahali hasa ulipokuwa na jinsi ulivyoondolewa. Na tarehe ya kurudi kutazamwa tena kwa kamera, hata kama unapumua vizuri kuliko ulivyowahi, kwa sababu baadhi huota upya na vidonda vya ndani huweza kupona kwa kovu linalobana njia. Karatasi hizo zikae mahali ambapo wa nyumbani wanapajua, maana ukizidiwa usiku si wewe utakayezitafuta.

Mhariri, najua mna mpango wa kutoa ukurasa mwingine kuhusu pumu. Naomba ndani yake mweke aya moja kwa ajili ya wale ambao dawa za pumu haziwasaidii: wapimwe kwa mashine ya kupuliza, mchoro usomwe na anayeujua, na pakiwa na shaka njia ya hewa itazamwe. Kama mtahitaji mtu wa kuipitia aya hiyo kabla haijachapwa, mtafuteni daktari wa mapafu au wa koo anayefanya kazi hii kwa mikono yake.

Wako,
Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji